Kisanduku Chenye Nyota

Mimi ni mhudumu wa wodi. Nasukuma machela, nabadilisha shuka, nabeba mitungi ya oksijeni na kumwaga vya kumwagwa. Shule niliishia darasa la saba, na cheti pekee nilicho nacho ni cha kuzaliwa. Nayasema haya mapema ili nisiulizwe mbele ya safari ilikuwaje mtu kama mimi nikaandika kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya elfu moja, miaka miwili mfululizo, kwa jina la mtu mwingine.

Jina hilo lilikuwa la shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, sista mkuu wa wodi ya wanawake. Wodini walimwita Sista Nyoosha, kwa sababu hakupita kitandani bila kusema nyoosha shuka, nyoosha mkono, nyoosha maelezo. Yeye ndiye aliyeniombea kazi baada ya kibanda nilichokuwa nachapia watu barua na kadi za harusi kubomolewa kupisha barabara. Siku ya kwanza alinipokea mlangoni, akaniambia nyumbani mimi ni shemeji yake lakini pale mimi ni ndoo na fagio, na nikichanganya mambo nitarudi kwenye kadi zangu.

Shemeji alianza uuguzi wakati kila kitu ni kalamu. Kulikuwa na kitabu cha ripoti chenye jalada gumu, kizito kama tofali, kikipokezanwa zamu kwa zamu kama mtoto mchanga. Zamu ya asubuhi iliandika kwa bluu, ya jioni kwa kijani, ya usiku kwa nyekundu, kwa hiyo hata asiyejua kusoma angeona mgonjwa alizidiwa wakati gani. Miguuni pa kila kitanda palining'inia ubao wenye chati. Na kulikuwa na jambo ambalo halikufundishwa chuoni ila kila muuguzi wa wodi ile alilijua: ukikosa jibu la swali, uliacha pale wazi na kutia nukta ya penseli. Maana yake, bado sijauliza. Anayeingia zamu akiona nukta anauliza, anaifuta, anaandika kwa wino. Shemeji alisema hata mahali patupu kwenye karatasi pana la kusema, ukiwa na macho.

Kompyuta ya kwanza ilipofika hospitalini waliiweka ofisi ya takwimu, wakaifunika kitambaa cha kufuma kama kochi la bibi harusi. Ukiingia mle ulivua viatu. Kazi yake ilikuwa kuhesabu tu, waliozaliwa wangapi, waliokufa wangapi. Kila Ijumaa wauguzi walipeleka idadi kwenye karatasi, mashine ikajumlisha, ikawarudishia jibu walilokuwa wanalijua tangu Alhamisi. Miaka ikapita, ikaja ya pili, stoo ya dawa. Halafu kwa mpigo mmoja ikaja moja kila wodi, na lori likaja kuchukua zile mbao za chati. Fundi wa kompyuta, ambaye sote tulimwita Waya, aliwafundisha wauguzi siku mbili. Aliwaambia enzi ya kuandika imekwisha.

Kwa Shemeji ilikwisha kweli. Mwanamke aliyeweza kupata mshipa wa mgonjwa kwenye giza, mbele ya kibodi alikuwa kama kuku aliyemwagiwa shanga. Alitafuta herufi moja moja, akidonoa kwa kidole cha shahada, na akiipata anaitazama kama vile imemkosea adabu. Mgonjwa mmoja alimla dakika arobaini. Wodi ina vitanda arobaini na wauguzi watatu. Wiki ya tatu, foleni ya machela imefika nje, nikamwona anafuta jasho badala ya kufuta herufi. Nikaweka ndoo chini. Nikamwambia ataje, nichape. Kule kibandani nilikuwa nachapa huku nabishana na wateja.

Alinitazama, akatazama foleni, akataja.

Ndivyo ilivyoanza, na ndivyo ilivyoendelea. Asubuhi anaingia kwenye mfumo kwa neno lake la siri, baadaye akanipa neno lenyewe ili asinyanyuke kila saa. Yeye yuko kitandani nyuma ya pazia, anapima, anataja kwa sauti. Mapigo themanini na nane, joto thelathini na tisa, kidonda kikavu, hajala tangu jana. Mimi niko mezani nachapa. Wauguzi wengine wawili walianza kunitania kwa kuniita Profesa, halafu nao wakaanza kutaja. Wodi yetu ikawa ya kwanza hospitali nzima kwa kumbukumbu kamili. Matroni, bosi wa wauguzi wote, alimpa Shemeji barua ya pongezi, naye akaniletea soda, akaiweka mezani bila kusema ya nini.

Sasa nisikilize vizuri, maana kila kitu kiko hapa.

Kwenye fomu ya kumpokea mgonjwa kuna visanduku vya kujaza, na vingine vina nyota nyekundu pembeni. Chenye nyota usipokijaza, mashine haihifadhi. Isipohifadhi, jina la mgonjwa linabaki jekundu, hapati namba ya kitanda, daktari hamwoni kwenye orodha yake, dawa haitoki. Kimojawapo kinauliza kama mgonjwa ana mzio wa dawa yoyote. Majibu yako mawili ya kubonyeza, Ndiyo au Hakuna. Ukibonyeza Ndiyo inakutaka utaje dawa. Jibu la tatu hakuna. Nukta ya penseli hakuna.

Jumanne moja, kabla ya saa nne asubuhi, walifika wagonjwa wanne pamoja. Mmoja alikuwa mama wa kama miaka sitini, kifua kinakoroma, macho yamegeuka, ameletwa na majirani waliomshusha na kuondoka. Shemeji alikuwa anataja kama kawaida. Nilipofika kwenye mzio nikamuuliza. Akajibu kutoka nyuma ya pazia, "Acha wazi. Bintiye yuko njiani, nitamuuliza."

Nikaacha wazi. Mashine ikakataa. Nikajaribu tena, ikakataa tena, ikaniandikia maneno yale yale kama mlinzi wa geti aliyelishwa amri. Mama yule anakoroma. Mtu wa maabara amesimama anangoja namba. Nikabonyeza Hakuna. Jina la mama likatoka kwenye nyekundu likawa kijani, kitanda kikapatikana, nikajiambia nitamwambia Shemeji akitoka kwenye pazia. Kabla hajatoka nikaitwa kubeba mtungi kuupeleka wodi ya watoto. Niliporudi nikakuta matapishi ya kupiga deki. Sikumwambia.

Yeye alikuwa na utaratibu wake. Mwisho wa asubuhi alipitia orodha akitafuta majina mekundu, ndiyo yaliyobaki na maswali. La mama yule lilikuwa kijani. Akalipita.

Jioni daktari aliagiza penisilini. Muuguzi wa zamu akatazama skrini, akasoma Hakuna, akachoma. Kabla hajatupa bomba la sindano mama alikuwa amevimba uso na pumzi inapiga filimbi. Muuguzi yule hakubabaika, Mungu ambariki, alikimbilia dawa ya kugeuza hali na mama hakufa. Lakini alikaa siku tano na mpira kooni, na ulipotolewa sauti haikurudi. Mpaka leo ananong'ona.

Binti yake alikuwa getini muda wote ule. Haukuwa wakati wa kuona wagonjwa, akazuiwa. Alikaa kwenye jiwe saa nne nzima, na ndani ya mkoba wake alikuwa na kadi ya zamani ya mama yake iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu: ASICHOMWE PENISILINI.

Uchunguzi haukuchukua muda. Waya alifungua mashine, ikamtolea jina la mtu na saa. Jina la Shemeji, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi.

Kesho yake mchana Shemeji akaja nyumbani kwetu. Hakukaa. Mke wangu alikuwa anamimina chai, akabaki na birika mkononi.

"Ni wewe uliyebonyeza," Shemeji aliniambia. Hakuwa anauliza.

"Ilikataa kuhifadhi, shemeji."

"Nilikwambia uache wazi."

"Ilikataa."

Akavuta kiti, akakaa sasa, akaweka mikono yake mezani kama anayesubiri kukatwa kucha. Akanieleza polepole, kama anavyowaeleza ndugu wa mgonjwa mahututi. Muuguzi akikosea kubonyeza, anapewa onyo la maandishi na wiki mbili za mafunzo, yakaisha. Muuguzi akimpa mtu asiye muuguzi neno la siri aandike kumbukumbu za wagonjwa, leseni inaondoka. Amebakiza miezi saba astaafu, baada ya miaka thelathini na minne. Na mimi nitapelekwa polisi kwa kujifanya muuguzi.

"Kwa hiyo nimebonyeza mimi," alisema. "Nimezeeka, nilichoka, kidole kiliteleza. Wewe ulikuwa na fagio. Umenisikia?"

Nikasema nimesikia.

"Usije ukapata uchaji Mungu wa ghafla. Ukweli wako utanizika, na huna hata pesa ya sanda."

Alipoondoka mke wangu alimimina chai ile mpaka ikafurika kwenye sahani. Nikamuuliza ananishauri nini. Akasema nikisema, dada yake aliyemlea tangu mama yao afe amekwisha. Na nisiposema, atakuwa anaishi na mtu aliyejificha nyuma ya gauni la dada yake. Akasema nichague, halafu akasema nisichague. Usiku ule alilala amenipa mgongo.

Nikawa natembea wodini kama kuku kwenye tenga. Pande zote naona nje, pa kutokea hapana. Binti wa mgonjwa alikuwa anakuja kila siku, anakaa kwenye benchi la korido. Nilimletea kiti chenye mto siku moja, akanishukuru, akaniita kaka. Akaniuliza kama siku ile nilikuwepo. Nikamwambia nilikuwa nabeba mtungi wa oksijeni. Ni kweli niliubeba. Ukweli mwingine mtu anaweza kujifichia ndani yake kama chumbani, na kufunga kitasa. Shemeji akipita, binti yule alimfuata kwa macho mpaka mwisho wa korido, macho ya mtu anayetazama nyoka aliyeingia chini ya kitanda. Shemeji alipita amenyoosha shingo. Siku zote tano nilikuwa napiga deki pale pale.

Halafu likatokea ambalo hatukulipangia. Waya aliandika kwenye taarifa yake kwamba mfumo hauna kosa, kosa ni la mtumiaji. Matroni, ili aonekane anatenda haki kwa pande zote, akaamua mtumiaji aje mbele ya kamati, aketi kwenye kompyuta, ampokee mgonjwa wa kubuni tangu mwanzo mpaka mwisho, waone amekosea wapi. Siku, Ijumaa, saa tatu asubuhi. Taarifa ilikuja Jumanne.

Shemeji alinikuta stoo ya shuka. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alinong'ona.

"Shemeji, sijui hata pa kuanzia."

Miaka miwili alikuwa anataja tu. Kamati ikimwona anadonoa kama siku ya kwanza, mtoto mdogo angeuliza swali linalofuata: kumbukumbu zile zote kamili alizichapa nani?

Kompyuta ya kufanyia mazoezi hatukuwa nayo. Nikachukua boksi tupu la glavu, nikalifungua, nikachora kibodi nzima upande wa ndani kwa kalamu ya wino mzito, kila herufi mahali pake. Kwa kipanya nikampa kipande cha sabuni. Alikuja kwangu kila baada ya kazi, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, jua bado lipo, akaketi mezani na kugonga karatasi.

"Nani alizipanga herufi hizi?" aliuliza. "Alikuwa amelewa?"

"Aliyezipanga amekufa, shemeji. Huwezi kumpa onyo."

"A na S ni majirani tangu lini? B ameenda wapi?"

"B amehamia chini. Usimtafute, atakupoteza. Mwite kwa kidole hiki."

"Darasa la saba leo linanifundisha mimi mwenye diploma."

"Na fimbo ninayo. Rudia jina la mgonjwa."

Mke wangu alicheka jikoni, mara ya kwanza wiki ile, kisha akakumbuka tunachokifanya, akanyamaza katikati. Tulikuwa tunafundishana uongo, herufi kwa herufi. Alhamisi jioni Shemeji aliweza kuchapa jina, umri, anwani, mapigo na joto bila kutazama chini zaidi ya mara mbili. Nikamfundisha pia kisanduku chenyewe. Nilichora nyota, nikachora Ndiyo na Hakuna. Akauliza kama ni kweli hakuna namna ya kukipita. Nikasema nilijaribu mara mbili. Akasema, "Kumbe," akachukua mkoba wake akaenda.

Ijumaa niliitwa kubeba kompyuta ya wodi kuipeleka chumba cha mikutano. Nikaiunganisha. Nilipotaka kutoka Waya akaniambia nibaki mlangoni, waya mmoja ulikuwa umelegea, lazima mtu awe tayari kuushika. Kwa hiyo nikabaki. Walikuwepo Matroni kichwani pa meza, Waya pembeni yake, mwandishi wa kamati na kompyuta yake ndogo, Shemeji kwenye kiti cha mashine, na binti wa mgonjwa, aliyekaribishwa kama ndugu ili asiseme mambo yamefanyiwa gizani. Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya vumbi. Feni ilizunguka kivivu.

Shemeji alianza. Aliingia, neno la siri kwa mkupuo mmoja. Jina, likaingia. Umri. Anwani. Mapigo. Kichwa chake kilikuwa juu, vidole vinakwenda taratibu lakini vinajua njia. Niligundua kwamba nilikuwa nagonga herufi pamoja naye kwenye mshono wa suruali. Matroni alitikisa kichwa kwa kuridhika. Hata Waya aliinua nyusi.

Akafika kwenye kisanduku. Matroni akamwambia aseme alichofanya siku ile.

Shemeji akasema mgonjwa hakuweza kusema, na ndugu hakuwepo, kwa hiyo kwanza alitaka kuacha wazi. Akabonyeza kuhifadhi ili waone. Maneno yakatokea. Waya akaeleza kwamba nyota imewekwa kumlinda mgonjwa, ili mtu asisahau kuuliza. Matroni akasema ni jambo zuri sana. Akauliza, "Kisha ukafanyaje?"

"Nikabonyeza Hakuna."

Nimemjua Shemeji miaka kumi na tisa. Nimemsikia akimwambia daktari mbele ya wagonjwa kwamba mwandiko wake ni wa kuku, na akimwambia mama yangu kwenye sherehe kwamba wali umeungua. Uongo sikuwahi kuusikia kutoka kwake. Ulitoka wa baridi, kama kijiko kilichoanguka chumba cha pili.

Matroni alivuta pumzi. Ilionekana wazi ndicho alichotaka. Akasema kosa ni la kibinadamu, sista amekiri, kamati itapendekeza onyo na mafunzo, na pole nyingi kwa familia. Mwandishi akachapa. Nikasema moyoni yameisha.

Binti akainua mkono.

"Mimi sitaki mtu afungwe," alisema. "Nataka kujua kitu kimoja. Ulimuuliza nani?"

Shemeji akamtazama.

"Imeandikwa mama yangu hana mzio. Mtu amesema hana. Nilikuwa getini na kadi mkononi, namwambia mlinzi aniitie mtu yeyote aliyevaa nyeupe. Kwa hiyo nauliza, ulimuuliza nani ukaambiwa hakuna?"

Shemeji alifungua mdomo. Tungeweza kuketi kwenye boksi la glavu mwaka mzima na nisingejua kumfundisha jibu la swali lile. Mkono wake ukabaki juu ya kipanya. Binti akaanza kulia bila sauti, kama anavyolia mama yake sasa.

"Hakumuuliza mtu kwa sababu alijua bado hajauliza," nilisema. "Alisema iachwe wazi mpaka uje. Aliyebonyeza ni mimi."

Vichwa vyote vikageuka mlangoni. Matroni akaniuliza mimi ni nani, ingawa ananijua, nimewahi kumbebea kabati mpaka kwake. Nikasema mhudumu. Nikasema nachapa tangu mashine zije, kwa neno la siri la sista, yeye anataja mimi nachapa. Nikamgeukia binti nikamwambia kwamba mama yake alikuwa anakoroma, mashine imekataa, nikataka apate kitanda. Na nikasahau kumwambia sista. Nikasema hayo yote kwa haraka, kwa sauti ya mtu anayetapika.

"Acha kuandika," Matroni akamwambia mwandishi. Kisha kwangu: "Wewe hukuitwa hapa kutoa ushahidi. Umeitwa kushika waya."

Waya alikohoa, akasema kwa vyovyote mfumo haumtambui mtu huyu, halimo jina lake popote, kwa kadiri ya mfumo hayupo.

Matroni alikunja mikono. Akazungumza kwa upole sana sasa, na upole ule ndio ulionitisha. Alisema hebu wote tufikiri. Likiandikwa hilo, kumbukumbu za wodi nzima za miaka miwili hazina thamani, kila mgonjwa aliyepita pale anaweza kuuliza. Leseni ya sista inaondoka leo, jioni hii. Mhudumu anakwenda polisi. Mama wa huyu binti harudishiwi sauti. Lisipoandikwa, mambo yanabaki yalivyokuwa dakika tano zilizopita, ambapo kila mtu alikuwa amekwisha kupata jibu.

"Sijapata," binti alisema.

Matroni hakumtazama. Alikuwa anamtazama Shemeji.

"Sista, mimi na wewe tumeanza pamoja. Tunaanza upya. Huyu amechanganyikiwa kwa mapenzi ya kifamilia, inaeleweka. Nakuuliza mara ya mwisho, na jibu lako ndilo litakaloandikwa. Nani alibonyeza?"

Mlango ulikuwa nyuma yangu, mkono wangu umeshika kitasa, na sikuweza kutoka wala kusogea mbele. Nakiri hapa jambo ambalo sikumwambia hata mke wangu. Kwa wakati ule, baada ya kusema yote niliyosema, niliomba Shemeji aseme ni yeye. Niliomba sana.

Shemeji alitoa mkono kwenye kipanya. Akageuza kiti chake, akaipa mashine mgongo, akaketi akimwelekea binti, magoti pamoja, kama anavyoketi pembeni mwa kitanda anapokuwa na habari mbaya. Kwangu hakutazama kabisa. Miezi imepita na bado hajanitazama vizuri. Akija nyumbani anaongea na mdogo wake, na salamu yangu anaijibu ukutani.

"Mwandishi," alisema, "andika alivyosema. Na neno la siri nilimpa mimi, hakuniibia. Hilo nalo liandike."

Matroni akamwita kwa jina lake, jina la utotoni ambalo lilinipita sikioni.

"Liandike," Shemeji akarudia. "Kisha usome kwa sauti, huyu binti asikie."

Mwandishi alimtazama Matroni. Hakupata kitu pale. Akainama kwenye kibodi akaanza, polepole, anakosea, anafuta, anarudia, na sisi sote tukakaa kwenye chumba kile kilichofungwa madirisha, tukimsubiri amalize.